Mate ya Gizani

Juzi nilipita maabara yenu kuwasalimia, nikamkuta binti mmoja amekaa mbele ya mashine mpya. Damu inaingia upande huu, majibu yanatokea upande ule kwenye karatasi. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii inapimaje?" Akanijibu kwa heshima zote, "Babu, yenyewe inajua." Nilicheka hadi nikakohoa. Nilipofika nyumbani nikajikuta nimekasirika, na hasira zenyewe hazikuwa juu ya yule binti. Mimi pia niliwahi kufanya kazi hivyo, tena wakati hakuna hata mashine ya kuisingizia. Nilipewa agizo, sikuuliza sababu yake, nikalitimiza kama kasuku, na nusura mwanamke mmoja apoteze jicho lake la mwisho. Basi someni, mnicheke, halafu mrudi kazini.

Wengi wenu mnanijua kama mzee anayeuza miche ya michungwa njia ya kwenda Kivukoni, kule mtoni. Kabla ya miche nilikuwa fundi wa maabara, na maabara ya miaka ya tisini msiifikirie kama hizi zenu. Tulikuwa na darubini mbili, moja ikitumia kioo cha kukamata jua, kwa hiyo wingu likitanda tulikunywa chai. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa, na utambi wake ulitaka kubembelezwa kama mtoto mwenye homa. Damu tulivuta kwa mdomo kwa kijibomba cha kioo. Mtu akikuita ghafla, unaweza kumeza usichokusudia. Mimi nilimeza, na nilichomeza sitakitaja.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Matimbwa, mtu mfupi, mkali, mwenye ugoro mfukoni na macho ya kuona doa kwenye kioo kutoka mlangoni. Mwaka wote wa kwanza hakuniita jina, aliniita "wewe". Jina nililipata siku niliyokosea. Tulikuwa tunapima wingi wa damu wa kina mama wawili, umeme ukakatika, nami nikaandika lebo kwa kupapasa. Majibu yakapishana. Mchuuzi mmoja wa samaki wa Kivukoni, mwenye nguvu za kubeba tenga peke yake, akaambiwa hana damu. Mumewe akaamriwa amlishe maini na mchicha na asimtume kazi yoyote. Mama yule alikaa mkekani mwezi mzima akihudumiwa, na alipopita kunishukuru aliniletea kambare watatu.

Yule mwingine, ambaye ndiye aliyeishiwa damu kweli, aliambiwa yuko mzima. Siku mbili baadaye aliletwa kwa baiskeli, amefungwa kanga kiunoni ili asidondoke. Alipona, Mungu mkubwa. Lakini Mzee Matimbwa aliniweka mbele ya meza akasema, "Filbert, kuanzia leo huandiki wala husomi lebo bila mwanga. Hata kiama kikifika, washa taa kwanza." Nikaapa. Kiapo kile nilikishika miaka yote, na ndicho kilichokuja kuniponza.

Sasa niwaambie habari za Leokadia.

Leokadia alikuwa mkulima wa mpunga wa Kisawasawa, umri kama miaka thelathini, mama wa watoto wawili, mcheshi asiyemwachia mtu. Ugonjwa wake ulianza kwa ganzi ya nyayo iliyopanda mpaka kiunoni. Ikakaa wiki kadhaa, ikaondoka yenyewe. Kwao walishukuru, wakasahau. Msimu uliofuata jicho la kushoto likaanza kuuma kila anapoligeuza, na rangi zikafifia. Tulimpima kila tulichoweza kupima: malaria, kaswende, kichocho, kifua kikuu. Vyote safi. Nilikuwa nikirudia vipimo vyake hata bila kuagizwa, maana ugonjwa usioonekana kwenye darubini ulikuwa unanidharau.

Aliyeutambua ni Dokta Rehema, bingwa wa mishipa ya fahamu aliyekuwa akija kwa treni kutoka Dar es Salaam kila baada ya miezi michache. Mwanamke kijana, mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kusema. Alitueleza kwamba mwili una walinzi wake wa kupigana na wadudu, na kwa Leokadia walinzi wale wamegeuka, wanaiguguna mishipa ya fahamu ya mwenyewe. Mzee Matimbwa, aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu, akasema, "Yaani mbwa wa nyumba anawang'ata wenye nyumba." Dokta akasema ndivyo hivyo hasa.

Dawa iliyokuwepo ni prednisoloni, ya kuwatuliza mbwa hao. Ilisaidia. Kisha Leokadia akaenda bondeni kulima, mvua zikafunga njia, vidonge vikamwishia huko huko. Aliporudi, jicho la kushoto lilikuwa limekufa. Likabaki la kulia peke yake, na tangu hapo hakuruka kidonge hata siku moja. Lakini dawa nayo ilimwadhibu: uso ulivimba, tumbo likamwaka, sukari ikapanda. Kila mtu alitamani dozi ipunguzwe, na kila mtu aliogopa.

Siku moja Dokta Rehema alimuuliza swali ambalo sikuwahi kumsikia daktari akimuuliza mgonjwa. "Wakati wa mpunga unalala saa ngapi?"

"Silali, dokta. Nakuwa kwenye dungu."

"Dungu ndiyo nini?"

Leokadia akacheka. "Nyie watu wa Dar! Kibanda cha juu ya miti, pale shambani. Mchana unafukuza ndege, usiku unafukuza nguruwe. Unakoka moto, unapiga debe mpaka kunakucha. Ukisinzia, umevuna makapi."

Dokta akahesabu kwa vidole. Ganzi ilikuja baada ya msimu wa dungu. Jicho nalo lilikuja baada ya msimu wa dungu. Akanigeukia macho yamemtoka. Aliniambia kuna homoni ya usingizi, jina lake melatonini, ambayo mwili huitoa usiku, na kwamba ng'ambo wapo wanaodhani inawaongoza wale walinzi wa mwili. Wengine wanasema inawatuliza, wengine wanasema inawachochea, hawajaelewana. Nikamwambia, "Kwa hiyo dungu limemla jicho?" Akasema, "Sijui, Bwana Filbert. Ndiyo maana tunapima." Siku ile nilimpenda kama mtu anavyopenda kupewa kitendawili kizuri.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha mate. Mgonjwa ateme kwenye kichupa kila baada ya saa mbili, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri, mate yagandishwe, yaende Dar kwa treni na barafu, halafu yapande ndege. "Na iwe gizani," dokta akasisitiza. Nikaitikia. Nilidhani giza ni la adabu tu, ili tusimsumbue mgonjwa usingizini, wala sikuuliza.

Aliyeuliza ni Bibi Yustina, mama yake Leokadia, aliyekuwa akimuuguza. "Hayo mate mnayapeleka wapi?"

"Ulaya, mama."

"Mate ni ya kumbariki mtoto. Siyo ya kupandisha treni."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Kwetu hatuachi mate yetu mikononi mwa mtu tusiyemjua. Nikamwambia nitatoa na mimi, yasafiri pamoja kama ndugu. Ikamlainisha, na dokta akafurahi zaidi, kwa kuwa alihitaji mtu mzima wa kumlinganisha naye. Yangu niliyachukua usiku wa kwanza, nyumbani, taa imezimwa, vichupa vimepangwa kwenye dirisha kwa mfululizo.

Yake niliyachukua wodini usiku uliofuata. Leokadia alilazwa chumba kidogo cha pembeni. Jenereta ilizimwa saa nne, na juu ya kitanda chake, kwenye msumari, ilining'inia karabai, inavuma na kuangaza chumba kizima. Kwetu mgonjwa aliyelazwa hazimiwi taa. Nilishaona karabai za namna hiyo mara nyingi, hata sikuifikiria. Isitoshe, nilikuwa na kiapo cha Mzee Matimbwa. Kila nilipoingia nilikuwa na tochi yangu, nasoma jina na saa mara mbili kabla ya kumpa kichupa. Asubuhi nilijaza fomu kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika.

Miezi ikapita. Dokta Rehema akarudi na majibu, anashuka kwenye gari anatabasamu. Mate yangu yalionyesha homoni ikipanda usiku na kushuka alfajiri. Ya Leokadia yalikaa chini usiku kucha, karibu hayana kitu. Akachukua chaki akatuchorea ubongo ukutani. "Hapa katikati kuna kitezi kidogo. Giza likiingia kinaanza kutoa homoni. Jicho likiona tu mwanga mkali, kinafunga bomba. Sasa huyu mama amelala gizani kama sisi wote, na bomba halikufunguka! Kwa nini?"

Wenzangu walitikisa vichwa kwa mshangao. Mimi sikukitikisa changu. Nilikuwa naisikia karabai ile inavuma masikioni mwangu.

Dokta hakunitazama, akaendelea. Vidonge vya homoni hiyo vilikuwa vimeanza kuuzwa ng'ambo, naye amekuja navyo. Mpango wake ulikuwa kuanza kupunguza prednisoloni ya Leokadia na kumpa hivi mahali pake. Kisha akanipiga bega mbele ya watu wote. "Bila umakini wa Bwana Filbert tusingefika hapa. Nimeshazungumza, kuna nafasi ya kozi Dar, nimependekeza jina lake."

Niseme ukweli wangu, nilinyamaza. Kozi ile niliitamani miaka sita. Nikajiambia labda karabai siyo mwanga mkali, kwani jua ndilo mwanga mkali. Nikajiambia daktari ni yeye. Nilikwenda kuosha vioo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Sikujua kwamba woga una maneno mengi mazuri kiasi kile.

Mchana nikapita kwa Leokadia, aliyekuwa amelazwa tena chumba kile kile kumsubiri dokta. Alikuwa ameshaambiwa, ameshika kioo kidogo, anajitazama mashavu. "Shikamoo fundi! Umesikia? Dawa inapunguzwa. Uso wangu unarudi, mume wangu ataacha kuniita boga." Akanitazama kwa jicho lile moja, limejaa furaha. Safari iliyopita dawa ilipokatika, jicho la kushoto lilikwenda. Safari hii ingekatika kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini kwa dokta, maana ningekaa chini nisingeinuka.

"Dokta, usiku ule kulikuwa na taa."

"Taa gani?"

"Karabai."

Akaweka kalamu chini. "Umbali gani na kitanda?"

Nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu, vidole vikasimama. "Hapa."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Na nilikuwa na tochi."

"Uliimulika wapi?"

"Kwenye lebo."

"Na lebo iko wapi?"

"Kwenye kichupa."

"Na kichupa?"

"Mdomoni mwake, dokta."

Akainuka, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Niliwahi kugombezwa na Mzee Matimbwa hadi ugoro ukanirukia, lakini mgongo ule uliniuma zaidi. Aliposema, alisema polepole. "Ningempunguzia dawa kesho, Bwana Filbert. Kesho asubuhi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo."

Halafu akageuka. "Nami nilikwambia gizani, sikukwambia kwa nini. Na wewe kwa nini hukuuliza?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tulifundishwa tangu shule ya msingi, tukaandika kwenye madaftari, tukafunika madaftari. Akaahirisha safari yake kwa siku moja na kusema tutarudia kipimo usiku huo huo, giza tupu.

Shida ikawa kiapo changu. Nitasomaje lebo bila mwanga? Hapa vijana sogeeni, maana huu ndio ufundi. Niliandika lebo zote mchana, nikazibandika, kisha nikafunga uzi kwenye shingo ya kila kichupa: fundo moja kwa saa mbili, mafundo mawili kwa saa nne, na kuendelea hivyo. Nikafanya mazoezi nimefunga macho kwa kitambaa, huku nesi wa zamu akinichanganyia vichupa makusudi. Mara ya tatu sikukosea hata kimoja. Kidole ni jicho pia, mkikifundisha.

Shida ya pili ilikuwa Bibi Yustina. Nilipomwomba azime karabai akasimama mbele yake kama askari. "Mwanangu hajafa. Taa haizimwi."

"Shikamoo mama, nakuomba. Usiku mmoja tu."

"Marahaba. Haizimwi."

Nikaanza kumweleza habari za kitezi na bomba, na hakika nilieleza vibaya. Leokadia akanikatiza kutoka kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani sautini. "Fundi, si mama. Mimi ndiye niliyesema isizimwe."

"Kwa nini, Leokadia?"

"Hili la kushoto lilikwenda usiku. Nililala naona kidogo, nikaamka sioni. Sasa kila nikishtuka usingizini nafumbua hili la kulia, naiangalia karabai. Nikiiona, nalala tena. Ukizima, nikifumbua nikakuta giza, nitajuaje kama ni usiku au ni mimi?"

Nilikuwa nimeingia chumba kile mara nyingi, nikaiona karabai nikaiita desturi, kumbe kila usiku mwenzangu alikuwa anajipimia jicho lake mwenyewe. Nikamwita dokta, akaja akaketi pembeni ya kitanda, akamweleza yote bila kuficha: kosa langu, kosa lake, na kwamba yeye kama daktari asipojua ukweli wa homoni hii hawezi kuamua lolote juu ya dawa. Akamwambia, "Ukikataa, sitakulaumu."

Leokadia akafikiri. Kisha akasema, "Mama anishike mkono. Na fundi akae mlangoni, asiondoke." Bibi Yustina akaishusha karabai kwa mikono yake mwenyewe, akaifungua upepo. Ilitoa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi, na giza likaingia.

Majibu ya usiku ule yalichukua miezi mingine kurudi, na nitayasema hapa hapa nisije nikasahau. Homoni ya Leokadia ilipanda na kushuka karibu sawa na yangu. Kitezi chake kilikuwa kizima. Kilichofunga bomba mara ya kwanza ni karabai na tochi ya Filbert. Dokta Rehema aliniandikia barua fupi kwamba hili halisemi homoni ile haina kazi katika ugonjwa huo. Mwanamke mmoja na usiku mmoja havitoshi kusema lolote, na suala la dungu yeye bado linamnyima raha. Mimi pia linaninyima raha hadi leo. Ni moto wa usiku, au uchovu, au malaria ya bondeni, au ni bahati mbaya tu? Wenye mashine mpya mtuambie. Vile vidonge dokta alirudi navyo Dar. Prednisoloni iliendelea, ikapunguzwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, kwa kuangaliwa. Kozi alipewa mtu mwingine, na nilinuna mwaka mzima. Lakini kwa miaka yote niliyobaki kazini, Leokadia alikuja kupima sukari, na karatasi ya majibu aliisoma mwenyewe.

Hayo yote hatukuyajua usiku ule. Usiku ule tulijua giza tu. Kila baada ya saa mbili niliingia kwa kunyata, nikahesabu mafundo, nikampa kichupa mkononi. Saa nane usiku Leokadia alinivuta mkono wa shati. Aliniuliza kwa kunong'ona, "Fundi, wewe unaona chochote?" Nikamwambia, "Sioni hata pua yangu." Akasema, "Asante." Bibi Yustina alimkanda vidole muda wote, nilikuwa nasikia ngozi inavyosuguana.

Alfajiri nilipochukua kichupa cha mwisho, dirisha lilikuwa limeanza kuwa kijivu. Niliona ukingo wa kitanda, nikaona kilemba cha Bibi Yustina. Leokadia alikuwa amefumba jicho kwa nguvu, kope zimekunjamana.

"Kumekucha, mwanangu," mama yake akasema. "Fumbua."

"Ngojeni kwanza."

Tukangoja. Jogoo akawika upande wa nyumba za manesi, mtu akaburuta ndoo uani. Nilisimama na trei yangu. Kisha akafumbua. Hakututazama. Alitazama chini sakafuni.

"Fundi," akasema.

"Naam."

"Umevaa ndala mbili tofauti."

Nikatazama miguu yangu. Mmoja ulikuwa na ndala yangu ya bluu, mwingine na ya nesi wa zamu, nyekundu, niliyoivaa kwa kupapasa kule koridoni.

"Tena zote za kushoto," akasema, na mama yake akaanza kulia kwa sauti.